Mkaa wa Uvunguni

Bi Mwanakuu anasema mkaa niliuwasha mimi. Anasema siku ile stima ilipopotea niliona uvivu kushuka ngazi mpaka jikoni, nikaweka seredani, jiko la mkaa, chumbani mwa Nyanya Mumo nimpikie uji papo hapo, kisha nikafunga mlango nikaenda zangu Makadara kutembea. Yeye, anasema, alikuwa kwake anachambua mchele, mara moyo ukaanza kumwenda mbio bila sababu. Akavaa buibui, akaja, akamkuta shoga yake amelala na roho imeshatoka, na mimi sipo.

Hivyo ndivyo anavyosimulia. Mwanzo ilikuwa uji. Juzi mwanamke wa duka la unga aliniuliza kama ni kweli nilikuwa nikichoma mahindi. Bi Mwanakuu ni mtu anayeaminika Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, amehiji, akipita kwenye baraza wanaume wanapunguza sauti. Mimi ni Kadzo, msichana wa Kigiriama kutoka Kaloleni, nilisoma mpaka darasa la nane, na kazi yangu ilikuwa kumwangalia Nyanya Mumo magoti yalipomkataa. Mtu akituweka wawili mbele yake achague wa kumsikiliza, najua atamchagua nani.

Lakini haikuwa hivyo. Na kueleza ilivyokuwa lazima nianze na nyumba.

Nyanya Mumo alikuwa Mkamba wa Kitui. Mumewe alifanya kazi bandarini, na alipofariki yeye hakurudi kwao. Alikodi chumba cha orofani Kibokoni, akakaa mpaka Kiswahili chake kikawa cha hapa hapa. Jumapili kanisani, Idi pilau kwa Bi Mwanakuu. Dirisha lake na la Bi Mwanakuu yalitazamana, na kichochoro katikati ni chembamba hata bakuli la mchuzi lilipita mkono kwa mkono. Mimi nilipoanza kazi niliwakuta na mchezo wao wa asubuhi.

"Shoga, umeamka?"

"Sijaamka. Huyu anayekujibu ni mzuka wangu."

"Basi mwambie huyo mzuka anyooshe mkono, mahamri yapoa."

Nyanya alikuwa na mtoto mmoja tu, Wanza, muuguzi huko Kanada. Ameolewa na mzungu anayeitwa Jeremy, ambaye kazi yake ni kujenga nyumba. Nyumba aliyokodi Nyanya ilipouzwa, waliinunua wao, ili mama asihamishwe na wao wapate pa kuzeekea. Jeremy alikuja kuitengeneza mwenyewe. Alikuwa akijenga kwake ugenini, na alitaka ajenge kama kwao.

Sina ubaya naye. Alikuwa mpole, na alipenda kueleza. Alitueleza kwamba kwao kuna miezi maji yanaganda bombani, na nyumba ikivuja hewa, watu wanakufa humo. Kwa hiyo ukuta unajazwa kitu laini kizito cha kuzuia baridi, unene wake kama urefu wa mkono wangu kutoka kiganjani hadi kiwiko. Dirisha lina vioo vitatu. Na nyumba haiingiliwi mpaka watu wa serikali waje waipime, waone haivuji. Alisema hapa adui ni joto, si baridi, lakini dawa ni ile ile: kinachozuia joto lisitoke ndicho kinachozuia lisiingie. Alikuwa na kidude cha kupimia. Alikiweka kwenye ukuta wa zamani saa za adhuhuri, akatikisa kichwa.

"Nyumba kama hii, kwetu hapana kubali," alisema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Hewa naingia, hewa natoka. Kama kikapu."

Kalama, fundi aliyekuwa akichanganya chokaa, hakuinua kichwa. "Mwambieni hiki kikapu kimesimama tangu babu yake yuko tumboni."

"Amesemaje?" Jeremy akamuuliza mkewe.

"Amesema ukuta ni imara," Wanza akamjibu, na sisi wengine tukainama kuficha meno.

Nje hakugusa kitu, kwa sababu nyumba za Mji wa Kale haziruhusiwi kubadilishwa sura. Mlango wa nakshi ulibaki, roshani ilibaki. Ndani ndiko alikofanya kazi. Kila ukuta aliuvalisha mbao za sponji ngumu, ambazo mafundi waliziita magodoro, kisha juu yake ubao mwingine, kisha rangi. Vile vitundu vya hewa vilivyo juu ya milango alivijaza povu linalovimba na kukauka. Dirishani, nyuma ya mbao za zamani, alitia vioo viwili viwili vilivyobanwa kwa mpira. Havifunguki ila kwa ufunguo, na ufunguo aliuweka yeye.

Siku ya kupima alifunga feni kubwa mlangoni, akazunguka vyumba vyote na vijiti vya udi alivyonunua Ndia Kuu, akivisogeza kwenye kona na kwenye fremu, aone moshi unayumba wapi. Kalama akasema mzungu anatafuta jini. Bi Mwanakuu, aliyekuwa akichungulia kutoka kwake, alifurahi kwelikweli.

"Mashallah, mwanamume huyu ana adabu zake. Nyumba mpya hufukizwa kwanza."

Moshi haukuyumba popote. Ulipanda umenyooka. Jeremy alimshika mkewe mabega, akacheka kama mtoto.

Juu ya dari aliweka mashine ya kuvuta hewa chafu na kuleta safi. Nyumba kama ile, alieleza, haipumui yenyewe, inapumuliwa. Kwao ni sheria mashine ile iwe na betri ya kuiendesha stima ikipotea, na kila chumba cha kulala kiwe na kengele inayolia hewa ikiharibika. Mambo ya betri na kengele mimi niliyajua baadaye. Vilikuwa ndani ya kontena bandarini, na kila wiki waliambiwa vitatoka wiki ijayo. Wanza hakutaka mama yake aendelee kusubiri kwenye chumba cha watu, tulikopangishwa kazi ikiendelea. Tukahamia.

Mimi niliambiwa jambo moja tu. "Kadzo, mkaa marufuku humu ndani. Utapikia jiko la stima. Kuta zitashika moshi, Jeremy hataki." Nikaitikia. Nilidhani ni mambo ya rangi.

Na nyumba ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Nje watu wanajipepea kwa vipande vya boksi, sisi ndani tuko kama hospitali ya matajiri. Shida ni kwamba baridi iliyoingia haikutoka. Mashine ya baridi waliyoitundika ukutani ukiizima asubuhi, mchana chumba bado kiko vile vile. Jeremy aliliona hilo ni ushindi. Nyanya alivaa soksi na sweta, akaketi kitandani anasugua magoti.

"Nimepelekwa Kanada bila pasipoti," alikuwa akisema.

Bi Mwanakuu aliita dirishani mara nyingi siku za kwanza. Sisi tuliona mdomo wake ukicheza tu. Nyanya alipunga mkono, lakini kioo kile ukiwa nje huoni ila sura yako mwenyewe. Basi mama wa watu akaona amefungiwa dirisha usoni, na kwa watu wa pale hilo ni neno kubwa. Alinyamaza siku kadhaa, kisha akaja kwa mlango, amenuna.

"Mumo, nimekukosa nini hata ukanifungia?"

"Si mimi, shoga. Mkwe wangu amenitia kwenye chupa."

"Chupa ina kizibo. Mwambie akizibue."

Walikumbatiana pale pale. Bi Mwanakuu aliposhika miguu ya shoga yake alishtuka. "Subhanallah, miguu hini ni ya maiti au ni ya mtu? Hini ni baridi yabisi. Hini haitaki vidonge, yataka mkaa."

Nilikuwa sijui ana maana gani. Akanieleza, maana Wagiriama hatuna sana desturi hiyo. Mwanamke wa Mji wa Kale akizaa, hulazwa juu ya kitanda cha kamba, na uvunguni huwekwa seredani yenye mkaa uliokolea, umefunikwa jivu ili usichome. Joto linapanda polepole, linaingia mgongoni na kwenye mifupa. Na mtu mzima mwenye baridi mwilini hufanyiwa vivyo hivyo. "Mimi wanangu wote nimewazaa nikalala juu ya mkaa," alisema. "Mabinti zangu nimewalaza mimi mwenyewe. Nani amekufa?"

"Bi, humu mkaa umekatazwa," nikasema.

"Na nani?"

"Bwana Jeremy."

"Kwani yeye amezaa?"

Walicheka mpaka Nyanya akakohoa. Na mimi nilicheka. Katika chumba kile hapakuwa na mtu aliyejua lolote.

Lakini kazi yangu niliifanya. Wanza aliporudi nilimwambia: "Dada, Nyanya na Bi Mwanakuu wanataka mkaa wa uvunguni. Anaumia na baridi." Wanza alikuwa anatazama simu. Akasema mama atanunuliwa blanketi ya stima, nisimsikilize. Mashine ya baridi haikupunguzwa.

Siku yenyewe stima ilipotea asubuhi mtaa mzima, na mashine ya darini ikazimika. Wanza na Jeremy walikuwa wamekwenda bandarini kufuatilia kontena. Nyanya aliniita, akaniambia anatamani mbaazi za nazi za Makadara, zile za mama mnene karibu na stendi ya tuktuk, si za mwingine. Aliniambia huku akitazama ukuta. Niliona kuna kitu, lakini nilifikiri anataka kusengenya na shoga yake bila mimi kuwapo. Mzee akishikwa na tamaa ya chakula utamnyima?

Makadara mama wa mbaazi alikuwa hajafika. Nikasubiri. Nilipopata nilirudi kwa haraka, bakuli likinichoma mkono. Bi Mwanakuu alikuwa kwenye kizingiti chake, anatabasamu.

"Usimwamshe," akaniambia. "Yuwalala usingizi mzuri. Leo shoga yangu amepata joto."

"Joto la nini, Bi?"

Akanikonyeza tu, kama mtoto aliyeiba sukari.

Nilipanda ngazi mbio. Mlango wa chumba ulikuwa umenata kwenye mpira wake, nikauvuta kwa mikono miwili. Hapakuwa na moshi. Ningeona moshi ningejua. Palikuwa na joto tu, na utulivu. Nyanya amelala chali, mikono kifuani, midomo myekundu kama ya mtu aliyetafuna tambuu. Nilimwita. Nikamwita kwa jina lake, ambalo sikuwahi kumwitia. Nilikwenda dirishani nikasukuma kioo, nikakipiga kwa kiganja, nikakipiga kwa kiti. Hakikupasuka. Kichwa kikaanza kunizunguka. Nikamshika chini ya makwapa, nikamburura mpaka kwenye ngazi, na pale miguu yangu ikakatika. Nikapiga kelele kwa mlango wa chini uliokuwa wazi.

Bi Mwanakuu alikuja. Alimwangukia shoga yake, akalia kilio ambacho bado nakisikia. Alinyamaza ghafla, akageuza kichwa kuelekea chumbani. Akaingia. Alitoka ameishika seredani kwa pembe za leso yake, ameifunika kwa buibui, akanipita pale ngazini nikiwa natapika. Nilidhani anautoa mkaa ili nipone. Nilimwambia, "Ahsante, Bi."

Seredani ile haikuonekana tena, na aliyeiona ikitoka ni mimi peke yangu.

Daktari alisema ni sumu ya mkaa, haina harufu wala rangi, na ndani ya nyumba iliyobanwa vile mzee hawezi kupona. Jeremy alikwenda chumbani peke yake. Nilimfuata na ndoo ya maji kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Alikuwa amepiga magoti, anapapasa sakafu chini ya kitanda, pale mbao mpya zilipoungua duara. Alinitazama, macho mekundu.

"Kengele iko bandarini," akaniambia.

Hakulisema tena neno hilo mbele ya mtu. Askari alipokuja kuuliza habari za nyumba, Jeremy alisema imepita kipimo cha nchi yake, ni nyumba salama, tatizo ni moto uliowekwa mahali pasipofaa. Na ni kweli. Kila alilosema lilikuwa kweli.

"Mkaa ulitoka wapi?" Wanza akauliza. "Nyumba hii haina mkaa hata kipande."

Tulikuwa sote sebuleni. Nilimtazama Bi Mwanakuu, nikingoja aseme. Alikuwa ameshika tasbihi, vidole vinakwenda. Ndipo akaanza: kwamba alikuwa akichambua mchele, kwamba moyo ukamwenda mbio.

"Si kweli," nikasema. "Dada Wanza, si nilikwambia? Nilikuja nikakwambia wanataka mkaa wa uvunguni."

Wanza alinigeukia. Uso wake ulikuwa umevimba kwa kulia, na nilimwona akikumbuka. Niliona linapita machoni. Kisha akasema polepole, kwa askari, si kwangu: "Ndiyo. Huyu ndiye aliyekuja kuniomba mkaa. Nikamkatalia."

Basi neno langu la kumwonya likawa ushahidi juu yangu. Askari aliniambia nisitoke Mombasa. Wakishazika wakirudi, tutakwenda kituoni sote, kila mtu aseme lake, kisha itajulikana kama nafunguliwa kesi. Mwili ulisafirishwa Kitui. Niliomba nafasi kwenye basi, nimsindikize. Nikaambiwa limejaa.

Nikahamia kwa dada yangu Sidi, Kisauni. Sidi amekuwa akinisukuma nikimbie.

"Rudi Kaloleni, ukajifiche kwa shangazi. Wao wana wakili, wewe una nini?"

"Nikikimbia nitakuwa nimekubali."

"Na ukikaa utakuwa umefungwa. Utaniandikia barua nzuri kutoka jela ya Shimo la Tewa, eh? Na mwandiko wako ule."

Hakuwa anacheka.

Wanza na Jeremy wanarudi kesho. Leo nilivuka kisiwani, nikaenda Kibokoni. Ile nyumba imefungwa, mbao za dirisha zimeshushwa. Nilibisha kwa Bi Mwanakuu. Alikuwa peke yake. Nilidhani atanifukuza, lakini alinipokea kama zamani, akanikalisha kwenye mkeka.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Mama hajambo huko Kaloleni? Na dadako? Alhamdulillahi." Akapika chai kwa gesi. Amekonda. Mkononi bado ana bangili ya shanga aliyopewa na Nyanya.

"Bi Mwanakuu, sikuja kugombana."

"Na mimi nigombane na nani? Niliyekuwa nikigombana naye amezikwa."

"Wanarudi kesho. Tutakwenda kituoni. Wataniweka ndani."

"Mungu hatakubali."

"Anayeandika ni askari, Bi."

Alikuna paja, akatazama dirisha. Nje watoto wa chuo cha Kurani walikuwa wakipita, wanasukumana. Alingoja wapite wote.

"Kadzo, mimi ni mtu mzima," akasema kwa sauti ndogo. "Nina wakwe, nina wajukuu. Watoto wangu wote walilala juu ya mkaa ule. Mabinti zangu wote. Haukumdhuru mtu. Ule ule, seredani ile ile." Aliikaza leso mabegani. "Alikuwa yuatetemeka. Aliponiambia, shoga, sasa nasikia joto, nilishukuru. Nikamfunika, nikafunga mlango vizuri joto lisitoke. Mimi mwenyewe, kwa mkono huu."

Alikuwa akiutazama mkono wake. Nilitaka kumshika, sikuthubutu.

"Najua, Bi. Hukumtakia baya. Hata mimi sikujua. Hata yule aliyejenga, nadhani, hakuwaza kuwa mtu anaweza kuweka moto uvunguni." Nikasogea. "Mimi sitaki useme umeua. Sitaki useme neno lolote jipya. Haya haya uliyoniambia sasa hivi, alivyokuwa akitetemeka, ulivyomfunika, njoo umwambie Wanza. Ni binti wa shoga yako, atalia, lakini atasikia. Mkaa ulitoka kwako, mimi nilikuwa Makadara. Basi."

Aliishika ile bangili, akaizungusha.

"Nitakusubiri mlangoni kwao kesho wakishafika. Tuingie pamoja, mimi na wewe. Utakuja, Bi?"

Aliinuka kwa taabu, akishika ukuta. Akasema chai yangu haina sukari, ngoja alete, akaingia ndani.

Nikakaa pale kwenye mkeka, nikimngoja arudi na sukari, na jibu langu.